Mtazamo wa Nane: Mengineyo

Ipo nchi moja, si ya kwetu, na msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake zote zimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko semina. Ni nchi nzuri, yenye watu wakarimu na fomu nyingi. Kila fomu ya serikali ya huko, iwe ya kuomba leseni ya baiskeli au ya kutoa taarifa ya msiba, huishia na kisanduku kilichoandikwa Mengineyo, na ni marufuku kukiacha kitupu. Zamani watu waliandika humo "hakuna". Ukatoka waraka kusema kwamba neno hilo linawavunja moyo wananchi, nalo likafutwa kwenye shughuli zote za serikali. Tangu hapo kila mtu hujaza alichonacho. Wengi hutuma salamu.

Katika nchi hiyo, kwenye mji wa Darajani, alikuwepo mwalimu wa historia aitwaye Sikudhani Ndembo. Alikuwa amefundisha darasa la sita kwa miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, ambacho kwa mujibu wa sheria ni miezi mitatu. Barua ya kumthibitisha kazini ilikuwa njiani. Kila alipoulizia aliambiwa atulie, kwani mwalimu mzuri hana haraka.

Na kufundisha alifundisha vizuri, kwa sababu historia ya nchi hiyo haikuwa na mambo mengi. Ilikuwa na kitabu kimoja, na kitabu kilikuwa na tukio moja kubwa, nalo lilitokea hapohapo Darajani. Gavana wa kikoloni alikuwa akija na gari lake na askari thelathini ili atie saini hati ya kutwaa mashamba ya Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mto. Mwasisi wa Taifa, wakati huo kijana wa miaka ishirini na miwili, alisimama peke yake katikati ya daraja la mbao, kavaa kofia yake ya vita ya shaba. Akainua mkono wa kulia. Akapiga mguu chini mara moja tu, daraja likatoboka. Gavana akarudi alikotoka, na uhuru ukafuata.

Ushahidi ulikuwepo, tena wa kutosha. Uwanjani palisimama sanamu ya Mwasisi ameinua mkono. Pale darajani palikuwa na kiraka cha mbao cha mviringo, kipana kuliko ungo, ambacho watembeza wageni walikitambulisha kuwa ni unyayo wake. Na kofia yenyewe iliwekwa Makumbusho ya Taifa, ndani ya kioo, mdomo ukiwa chini kama kofia zote zinavyowekwa. Kwa nje ilikuwa nyeusi tititi, na kibao kilieleza kwamba ule ni moshi wa baruti. Ilikuwa na vishikio viwili pembeni, vya kufungia kamba ya kidevuni. Upana wake ungetosha vichwa vya watu wanne kwa mpigo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuuliza mbona kubwa hivyo, akajibiwa kwamba viongozi wa zamani walikuwa na vichwa, si kama wa siku hizi. Jibu hilo lilipofika wizarani lilionekana kuwa na walakini, kwa hiyo mwaka uliofuata ikaelezwa kwamba ndani yake ilivaliwa kofia nyingine.

Basi kila Jumatatu asubuhi Mwalimu Sikudhani aliuliza nani alivunja daraja, na watoto arobaini na watatu wakasimama na kujibu kwa sauti moja kwamba ni Mwasisi, kwa mguu wa kulia. Kisha wakakaa. Kipindi kilikuwa cha dakika arobaini, na dakika thelathini na tisa zilizobaki walinakili jibu hilo kwa hati nzuri.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine kabisa.

Sikudhani alilelewa na bibi yake mzaa mama, Bi Mwanamkasi, aliyekuwa na miaka themanini na moja na ulimi usiozeeka. Enzi zake alikuwa mpishi wa harusi, na mpaka leo alikuwa hawezi kupita kwenye shughuli ya mtu bila kunusa na kutoa hukumu. Bi Mwanamkasi hakuwa na habari na kofia. Yeye alikuwa na habari na jungu.

Kwa maelezo yake, siku ile, miaka sitini na mmoja iliyopita, kulikuwa na harusi. Bibi harusi alikuwa wa Darajani na bwana harusi wa Ng'ambo, na kila upande ulikataa katakata chakula kupikwa upande wa pili, maana wangeambiwa hawana uwezo. Walibishana wiki nzima. Mwishowe ikaamuliwa kwamba pilau ipikwe katikati ya daraja, wapishi watoke Darajani na jungu litoke Ng'ambo, ili asiwepo wa kumcheka mwenzake. Jungu lenyewe likaazimwa kwa Bi Kizija, shoga yake Mwanamkasi wa tangu utotoni, ambaye hakuweza kuja kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga ndani ya arobaini. Baada ya shughuli jungu halikuonekana tena. Mwanamkasi alisema limechukuliwa na askari. Bi Kizija akasema askari na majungu wapi na wapi.

Miaka michache baadaye kikatoka kitabu cha historia, na nyuma kabisa kilikuwa na orodha ya kila kitu ambacho mkoloni alipora, kikarudishwa wakati wa uhuru: mikuki, ngoma, mbuzi na kofia moja ya shaba. Jungu halikuwemo. Ng'ambo yote ikasoma orodha hiyo na kutikisa kichwa. Toka siku hiyo Bi Kizija hakusema naye tena, na Bi Mwanamkasi akaitwa mwizi wa jungu kwa karibu miaka sitini. Binti yake aliitwa mtoto wa jungu. Sikudhani mwenyewe, alipokuwa shuleni, aliitwa kifuniko.

Mwaka wake wa kwanza wa kufundisha, Bi Mwanamkasi alipoanza tena hadithi yake, Sikudhani alimwambia kwa upole kwamba kitabu hakisemi kulikuwa na harusi. Bibi akafunika chungu chake. Kwa siku mbili alimpikia uji usio na sukari, na jungu halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Miaka kumi ilikuwa imepita, na uji ule bado ulikuwa ukimkaa Sikudhani kooni.

*

Sasa ikatokea kwamba Waziri wa Elimu wa nchi hiyo, Mheshimiwa Abeli Kishindo, alikwenda nje kwenye mkutano. Huko aliwasikia wenzake wakisema kwamba siku hizi historia hufundishwa kwa mitazamo mbalimbali. Nchi moja ikasema yenyewe inatumia mitazamo miwili. Nyingine ikasema mitatu. Mheshimiwa Kishindo aliona heshima ya taifa lake iko hatarini, akanyoosha kidole na kutangaza kwamba nchi yake inatumia saba. Wakampigia makofi, na bibi mmoja mrefu mwenye daftari akaahidi kuja kuona kwa macho yake.

Waziri aliporudi aliunda kamati ya watu saba, mmoja kwa kila mtazamo. Walikaa chumba kimoja kwa siku tatu, wakaandika, na kila mmoja akamsomea jirani yake ili kuhakikisha kwamba hawapishani. Kazi ikatoka safi. Mtazamo wa wazee ulisema kwamba Mwasisi alivunja daraja kwa mguu wa kulia. Mtazamo wa vijana ulisema vilevile, ila kwa haraka zaidi. Mtazamo wa kina mama ulisema kwamba Mwasisi alivunja daraja kwa mguu wa kulia, tena alikuwa mtanashati. Wakulima waliliona tukio hilo wakiwa shambani. Wafanyabiashara walilipongeza. Mkoloni alikiri. Wa saba ulikuwa mtazamo wa mifugo, kwa sababu wizara inayohusika ililalamika kwamba imesahauliwa, na huo ulieleza kwamba mifugo, kwa kadiri ilivyoweza kuulizwa, haikuwa na pingamizi.

Mitazamo hiyo ilipelekwa shule zote pamoja na fomu. Mwalimu alitakiwa kuweka alama ya vema mbele ya kila mtazamo aliofundisha, kisha arudishe fomu kabla ya mwisho wa mwezi. Iliambatana na barua kwamba walimu walio kwenye majaribio watathibitishwa, au watahamishiwa Shule ya Msingi Mawe Matatu, kulingana na jinsi watakavyojaza. Mawe Matatu ni shule yenye walimu sita na haijapata mwanafunzi. Mwisho wa fomu, kama kawaida, palikuwa na kisanduku cha nane kilichoandikwa Mengineyo.

Sikudhani aliweka vema saba bila shida. Alipofika kisanduku cha nane kalamu ikasimama. Hakuwa na la kuandika na hakutaka Mawe Matatu. Kwa hiyo akafanya kama walimu wote wa dunia hii wanavyofanya wakikwama: aliwapa watoto kazi ya nyumbani. Aliwaambia kila mmoja akaulize kwao ni nini kingine kilichoonekana siku ile ya daraja, aandike ukurasa mmoja, na alete kesho.

Kesho yake alikaa mezani kusahihisha, akiwa na kalamu nyekundu mkononi, na mpaka anamaliza hakuwa ameitumia hata mara moja.

Kurasa zilikuwa arobaini na tatu, na hazikufanana. Babu wa mtoto mmoja, aliyekuwa dereva wa Gavana, alisema Gavana alikula sahani tatu. Shangazi wa mwingine alisema mbili, ila ya pili ilikuwa ya kujaza. Mtoto wa askari mstaafu aliandika kwamba askari walivua viatu ili wapumzike, wakalala mpaka alasiri. Mmoja alisema nyama ilikuwa ya mbuzi, na mwingine, ambaye mbuzi huyo alitoka kwao, alimtaja mbuzi kwa jina. Wawili walikuwa na hakika kwamba Mwasisi alitumwa chumvi akachelewa kurudi. Lakini hapakuwa na ukurasa hata mmoja usiotaja harusi, na hapakuwa na ukurasa usiotaja jungu la shaba lililokaa katikati ya daraja. Watu wote wa Darajani walikuwa wakijua, na hakuna aliyewahi kusema, kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa.

Ukurasa wa Siwema, binti mtulivu aliyekaa nyuma, ulikuwa mfupi kuliko yote. Nyanya yake alikuwa akirudi alfajiri ya pili yake kutafuta kiatu cha mtoto, akawaona askari wawili wakilitoa jungu mbaoni na kulipakia. Aliogopa kusema. Aliomba radhi kwa Bi Mwanamkasi.

Sikudhani aliweka kichwa mezani akalia, na hakujali kama darasa la tano wanamwona dirishani.

Jioni alikwenda jikoni, akaketi kwenye kibao cha kukunia nazi karibu na bibi yake, akamwomba amsimulie tena habari ya jungu. Bi Mwanamkasi akachochea moto.

"Kitabu kimekubali?" aliuliza.

"Bado, bibi. Mimi ndiye nimekubali. Nisamehe."

"Basi sogea, mke mwenzangu, usinizibie moto," akasema Bi Mwanamkasi, na akaanza mwanzo kabisa, tangu mchele ulipochaguliwa.

*

Kisanduku cha Mengineyo kilikuwa na ukubwa wa kiberiti. Sikudhani aliandika humo "tazama kiambatisho", akaambatisha kurasa arobaini na tatu za watoto, na juu yake akaweka ya arobaini na nne, ya bibi yake, aliyoiandika yeye kwa mkono wake. Alijua kwamba huenda anajiandikia tiketi ya Mawe Matatu. Aliandika hata hivyo, na alipomaliza alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa miaka kumi.

Mwalimu mkuu, Bwana Lutengano, alitia saini bila kusoma, kwa kuwa utaratibu unasema saini hutangulia. Mkoa ukagonga muhuri. Wizara ikagonga muhuri wa IMEIDHINISHWA kwenye kila ukurasa, na karani aliyefanya kazi hiyo alisifiwa kwa kasi yake.

Mwisho wa mwezi ikagundulika kwamba karibu shule zote za nchi zimerudishiwa fomu. Nusu zilikuwa zimeacha kisanduku cha nane wazi, na nusu zilimsalimu Waziri bila kutaja cheo chake kikamilifu. Shule moja tu ilikuwa imejaza kila kitu, tena kwa viambatisho. Wizara ikaitangaza Darajani kuwa shule ya mfano, na Waziri akaamua kumpeleka huko yule bibi mrefu mwenye daftari, siku ya maadhimisho ya Daraja. Ili kuipa sherehe uzito, aliagiza na kofia ya Mwasisi isafirishwe kutoka Makumbusho, kwa mara ya kwanza tangu uhuru.

Ratiba ilichapishwa kwa wino wa dhahabu. Mtazamo wa kwanza, wazee. Wa pili, vijana. Ikaendelea hivyo hadi wa nane, Mengineyo, Mwalimu S. Ndembo. Bwana Lutengano alipoiona hapo ndipo alipoomba nakala ya kiambatisho akasome, na alipomaliza kusoma alikunywa maji glasi nne. Lakini ratiba ilikwisha kuchapwa, na katika nchi hiyo kuruka kipengele cha ratiba iliyochapwa ni kosa kubwa kuliko kuruka ukuta wa jela.

*

Siku ilipowadia uwanja ulifurika. Kofia ililetwa kwa lori, ikitanguliwa na pikipiki sita, ikashushwa na vijana wanne wa Makumbusho waliovaa glavu nyeupe na kuwekwa juu ya meza, mdomo chini. Wazee wa Darajani waliketi kulia na wazee wa Ng'ambo kushoto. Bi Kizija, mfupi, mkavu, mwenye fimbo, alikuwa amekigeuza kiti chake ili asimwone Bi Mwanamkasi. Bi Mwanamkasi naye alikuwa akinusa upepo uliotoka jikoni kwa wapishi wa wizara, na uso wake ulionyesha kwamba ameshakata tamaa.

Mheshimiwa Kishindo alihutubia kwa saa moja na robo. Aliwaambia wananchi kwamba nchi nyingine zina mitazamo miwili au mitatu na kazi yake ni kugombana, ilhali wao wanayo saba na yote inakubaliana, jambo ambalo wataalamu wa nje wameshindwa kulielewa. Watoto wakaghani mitazamo saba. Wa mifugo ulighaniwa na mtoto aliyevaa kengele, ukashangiliwa sana. Yule mgeni mrefu aliandika mstari mmoja kwenye daftari, kisha akawa anaweka alama ya kurudia.

Ndipo mshereheshaji akatangaza kipengele cha nane.

Sikudhani alipanda jukwaani. Miguu yake ilikuwa imeshaanza safari ya Mawe Matatu, ila yeye mwenyewe aliizuia. Alimtafuta bibi yake kwa macho, akamwona ameketi wima, mikono mapajani, anamngoja. Akasoma.

"Siku hiyo kulikuwa na harusi."

Bwana Lutengano akaanza kuchunguza mawingu. Sikudhani akaendelea. Alisoma jinsi Gavana alivyofika katikati ya daraja akakuta jungu limepaliwa makaa juu na chini, akaamuru liondolewe, na mpishi wa miaka ishirini akamjibu kwamba pilau ikishapaliwa haiguswi, kama ana haraka apite mtoni. Gavana akangoja. Harufu ikamfikia, akangoja vizuri zaidi. Ikapakuliwa, akala, na askari wakala, wakavua viatu wakalala. Wakati wote huo hakuna aliyekumbuka kwamba moto wa magogo ulikuwa umewashwa juu ya mbao, juu ya tabaka la udongo la unene wa kiganja tu. Saa tisa alasiri daraja likatoboka, jungu likazama kwenye tundu mpaka vishikioni, likanasa. Gari halikuweza kupita. Gavana alirudi alikotoka akiwa ameshiba, hati haikutiwa saini, na kabla hajapata njia nyingine akaitwa kwao. Mashamba yakabaki kwa wenyewe.

Jungu, alisema, lilichukuliwa na askari alfajiri, kama ushahidi. Lilikuwa la kuazima. Kwa ndani, chini ya mdomo, lilikuwa na alama ya mwenyewe kama majungu yote ya shughuli, ili yasipotee: mikato mitatu ya tindo na msumari wa shaba.

Hakuna aliyepiga makofi. Tabasamu la Waziri lilibaki palepale lilipokuwa, kwa sababu ya kamera, lakini macho yake yalikuwa yakimtafuta katibu wake.

Bi Kizija akasimama. Alitembea na fimbo yake mpaka mezani, polepole, na watu wote wakimtazama, akaizunguka kofia ya Mwasisi mara moja, akawaambia wale vijana wa glavu, "Pindueni."

Vijana wakasema kofia haijawahi kupinduliwa.

"Ndiyo maana," akasema Bi Kizija. "Pindueni."

Wakapindua. Ndani, chini ya mdomo, palikuwa na mikato mitatu na msumari wa shaba, na chini kabisa, pembeni, palikuwa pamegandamana ukoko wa miaka sitini na mmoja. Bi Kizija alitia mkono akaupapasa msumari kwa kidole gumba, akarudia tena, kama mtu anayempapasa mtoto utosini. Kisha akawageukia watu wa Ng'ambo.

"Jungu langu hili," akasema. "Halikuibwa."

*

Katibu wa Waziri alikuwa ameshamletea bosi wake kiambatisho ili atangaze kwamba ni cha kughushi. Mheshimiwa Kishindo akakipekua, na kila ukurasa alioufungua ulikuwa na muhuri wa wizara yake. Akafunga. Akasimama, akarekebisha tai, na hapa ndipo ilipoonekana tofauti kati ya waziri na watu wa kawaida.

Alisema kwamba Serikali ilikuwa ikijua siku zote. Alisema ilikuwa ikiwapima wananchi kuona kama watagundua wenyewe, na wamegundua, hongera. Alisema Mwasisi alikuwa kiongozi wa kwanza katika bara zima kutumia kofia yake kuwalisha watu. Makofi yakalipuka upande wa wizara.

"Hakuwa nayo kichwani, Mheshimiwa," Bi Mwanamkasi akasema kutoka kitini, bila kupandisha sauti. "Na mkono ule alikuwa haashirii chochote. Alikuwa anaomba aongezewe. Aliomba mara tatu na mara zote nilimwongezea, maana alikuwa mwembamba na alikuwa na adabu. Mtoto mzuri yule. Sanamu yenu imempatia sawasawa."

Watu waligeuka kuitazama sanamu, mkono juu, kiganja wazi, na ni kweli, mtu akishaambiwa hawezi tena kuona kitu kingine. Kicheko kilianzia kwa wazee wa Ng'ambo, kikavuka njia hadi Darajani, kikawapata vijana wa glavu, kikampata mpaka yule mgeni mrefu, aliyekuwa sasa anaandika kwa kasi ya karani wa mihuri. Nadhani Mwasisi mwenyewe angecheka, kwa jinsi alivyosimuliwa.

Kilichofuata kilikuwa na vurugu kidogo. Bi Mwanamkasi alitamka kwamba chakula cha wizara hakiliki na kwamba jungu lipo. Mara wazee wa pande mbili wakaanza kubishana pilau ipikiwe ng'ambo ipi, kwa maneno yaleyale ya miaka sitini na mmoja iliyopita, mpaka ikaamuliwa ipikwe katikati ya daraja, safari hii kwa kutanguliza bati nene chini. Vijana wa Makumbusho wakalalamika kwamba mali ya taifa haiwezi kutoka bila fomu. Wakapewa fomu. Sikudhani akaijaza juu ya goti, na kwenye Mengineyo akaandika: "Lina mwenyewe." Ilipita.

Jungu likasuguliwa, na pilau ikaiva saa kumi. Mheshimiwa Kishindo alikula sahani ya kwanza kwa itifaki na ya pili kwa kutaka mwenyewe. Alipoimaliza alisahau yuko wapi, akainua mkono wa kulia, kiganja wazi, kumwita mpakuzi. Wapiga picha walikuwa tayari. Picha hiyo, yenye sanamu nyuma yake, ndiyo iliyoko leo ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya, na mwenyewe huwaambia wageni kwamba alikuwa akimuenzi Mwasisi.

Kisha jungu likaoshwa. Lakini kitu cha kuazima hakirudishwi kitupu kwa watu wale, kwa hiyo Bi Mwanamkasi alipakua pilau iliyobaki kwenye bakuli, akaliweka ndani ya jungu, akalifunika kwa kawa. Vijana wanne wakalibeba kuvuka daraja, na yeye nyuma yao, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Ng'ambo yote ilikuwa barazani. Bi Kizija aliwapokea mlangoni kwake, akafunua kawa, akachota kwa vidole, akatafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwanamkasi," akasema. "Chumvi."

"Wamepika vijana," akajibu Bi Mwanamkasi.

"Nimejua. Yako haipungui chumvi." Na akamsogezea mwenzake kiti, kikitazamana na chake. Sikudhani aliondoka akawaacha, kwa sababu walikuwa na karibu miaka sitini ya umbea wa kumaliza na yeye alikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Barua yake ilikuja wiki iliyofuata. Wizara ilifurahi kumjulisha kwamba, kwa kutambua mchango wake, amethibitishwa rasmi na kwa kudumu kuwa mwalimu wa majaribio. Bi Mwanamkasi aliitundika ukutani.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Sikudhani aliingia darasani, akaweka chaki mezani, akauliza nani alivunja daraja. Watoto arobaini na watatu wakasimama kama walivyozoea, wakafungua vinywa, na hakikutoka kitu. Wakatazamana. Mmoja akaketi, wengine wakafuata, kisha mikono ikaanza kuinuka, hapa mmoja, pale miwili, hata ikajaa darasa zima, na kila mwenye mkono alikuwa na mtu wake: mpishi, mwenye jungu, bwana harusi aliyechumbia mbali, aliyekata magogo, mbuzi.

Kitabu hakikuwa na jibu. Mwalimu Sikudhani akavuta kiti, akaketi, na akaanza na mkono wa nyuma kabisa, wa Siwema.